Uzi: Skyrim yenye modi, ni wapi joka alikutoa jasho? Wana wa Arusha na Moshi tukutane hapa

CHALII WA SAKINA
Wakuu, habari za usiku huu.

Baridi ya Julai mnaijua wenyewe. Ikifika saa moja jioni huku Sakina mtu hatoki. Unajifunika shuka la Kimasai, chai ya tangawizi pembeni, unawasha mashine, na ile hewa ya moto inayotoka nyuma yake unaielekeza miguuni. Ndivyo nilivyorudi Skyrim, gemu iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011, mimi nikiwa bado navaa kaptula ya shule. Nimeshaimaliza sijui mara ngapi. Safari hii nimeijaza modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, mpaka inakoroma.

Sasa kuna swali linaniudhi kila nikikaa na wachezaji: "Joka gani ndiye mgumu?" Hilo ni swali la mtu ambaye hajafa vya kutosha. Mimi nauliza, ulipigana naye wapi? Pale mnara wa magharibi wa Whiterun, ambapo kila mmoja wetu alimuua Mirmulnir akapata roho yake ya kwanza, uwanda ni mpana, kuna ukuta wa kujibanza, kuna askari wa kupokea moto kwa niaba yako. Mchukue joka huyohuyo, levo ileile, mpandishe kwenye genge lenye theluji. Utanitafuta.

Namba kwa wapenda namba. Joka wa kawaida, yule wa levo 10, ana uhai 905. Ancient Dragon wa levo 50 ana 3,071. Legendary Dragon aliyekuja na nyongeza rasmi ya Dawnguard mwaka 2012 yuko levo 75 na uhai wake ni 4,163. Ukiweka ugumu wa Legendary, ule wa juu kabisa, pigo lako linabaki robo na lake kwako linakuwa mara 3. Hapo hujagusa modi hata moja. Mimi nina Deadly Dragons ya kuwaongezea nguvu, Dragon Combat Overhaul ya kuwaongezea akili, na Diverse Dragons Collection ili nisijue anayekuja ni wa aina gani.

Kwangu mimi pa kwanza ni Shearpoint. Sina mjadala na mtu.

Ambao hamjafika: ni kilele chenye ukuta wa maneno, pale unapojifunza Throw Voice, moja ya shauti, yaani uchawi wa kupaza sauti. Joka ametulia zake juu ya ukuta kama kunguru juu ya bati. Unamtazama yeye, unavuta upinde, unapiga hatua mbili tatu mbele upate shabaha nzuri. Hujui kwamba hizo hatua ndizo zimemwamsha Krosis. Jeneza linapasuka, kuhani wa majoka anaelea mbele yako anarusha mipira ya moto, na joka naye ameshapaa. Nyuma yako mteremko. Kulia mteremko. Theluji inapeperuka, huoni hata mkono wako. Ukimkimbia Krosis unaingia kwenye moto wa joka, ukimkwepa joka unadondoka na kuvunjika kila mfupa.

Jana nimekufa pale mara 14. Ya 15 nilikuwa nakaribia kabisa, umeme ukakatika mtaa mzima.

Haya, leteni maeneo yenu. Ila tuheshimiane: ukitaja mahali, sema kwa nini ni pagumu. Usije hapa kuandika jina tu ukaondoka.

MEKU WA RAU
Wa kwanza, naweka kambi. Uzi bila picha lakini?

CHALII WA SAKINA
Picha zitakuja bando likiruhusu, meku. Hili nililonalo ni la kusomea tu.

MEKU WA RAU
Basi mimi nikupinge bila picha.

Shearpoint unaenda kwa miguu yako mwenyewe. Hakuna aliyekutuma. Ukiona pamekushinda unashuka, unaenda kuuza vitunguu Whiterun, unarudi ukiwa na levo 40. Ugumu gani huo wa hiari? Mahali pagumu ni kijijini. Riverwood.

Najua mtacheka. Subirini. Kwenye miji yenye kuta kama Whiterun ukishavuka geti unakuwa umeingia ulimwengu mwingine, joka hakufuati ndani. Riverwood haina ukuta. Umetoka zako kuchimba madini, umefika barabarani, muziki unabadilika. Joka anatua katikati ya nyumba. Wewe mwenyewe hufi, una ngao na dawa 30 begani. Anayekufa ni Alvor mfua chuma, aliyetoka na kijisu kumkabili mnyama mwenye uhai elfu tatu. Halafu anakufa Lucan mwenye duka.

Lucan ni Mangi, jamani. Ni Mangi wa Riverwood. Ukikwama anakuuzia, ukiwa na takataka zako za pangoni anakununulia. Na akishakufa amekufa, isipokuwa uwe na sevu ya nyuma. Mimi nilikuwa sina. Nilicheza saa 20 nyingine huku kila nikipita pale naona kaburi la biashara. Huyo joka nilimuua, ndiyo. Nani alishinda?

Na kwa wenye modi ya Open Cities hali ni mbaya zaidi, maana kuta za miji zinabaki pambo, anga yote ni moja.

BINTI WA NJIRO
Kaka Meku, pole kwa msiba wa Mangi. Lakini dawa yake ipo tangu zamani, inaitwa Run For Your Lives. Joka akitokea, wanakijiji wanakimbilia ndani na kufunga milango badala ya kujitoa mhanga na visu vya jikoni. Ni modi ndogo, haibebi hata dakika 2 za bando.

Ukisema tatizo linaondoka kwa modi moja, basi hapo mahali hapakuwa pagumu, palikuwa na wakazi wabishi tu.

MEKU WA RAU
Dada umenimaliza. Nalipakua kesho. Lucan hafufuki lakini.

MPANDA MLIMA
Salamu wakuu. Mimi kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani, Kilimanjaro na Meru, na gemu nacheza masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua. Nimeusoma uzi huu nikasema huyu Chalii anaongea lugha yangu ila hajui kwamba anaongea.

Sikiliza mdogo wangu. Umewahi kupanda Meru? Mlima uko hapo dirishani kwako. Ukitoka kibanda cha Saddle usiku, unapita Rhino Point, halafu unaanza ule ukingo wa kreta. Upande mmoja mteremko wa mawe na majivu, upande wa pili kreta yenyewe, na wewe katikati na tochi ya kichwani. Mita 4,566 juu. Kule watu hawapati shida kwa sababu ya urefu peke yake. Wanapata shida kwa sababu macho yanaangalia kileleni na miguu imesahaulika. Mgeni wangu akianza kupiga picha huku anatembea namsimamisha hapohapo. Ama unaangalia, ama unatembea.

Wewe Shearpoint unafanya yale ya mgeni. Unaangalia joka, unatembea.

Krosis hatoki mpaka usogelee ule ukuta. Kwa hiyo usisogee. Simama chini kabisa, mbali, mshale mmoja kwa joka, kisha shuka naye. Teremka taratibu mpaka upate pale mlima unapolegea, pana mawe makubwa ya kujificha. Joka atakufuata, kuhani atabaki kalala. Muue joka huku chini. Pumzika, kula, panda tena umalizane na Krosis peke yake. Ni kama kupanda Kibo: hakuna anayetoka geti la Machame akaenda kileleni siku hiyohiyo. Unagawa mzigo.

Na uwe na Become Ethereal. Ukiona unateleza, paza hiyo shauti, unadondoka kama unyoya, hufi. Watu wanaidharau kwa sababu haiui mtu. Mlimani vifaa vinavyokuokoa vingi haviui mtu.

CHALII WA SAKINA
Kaka mkubwa shikamoo. Nimenyamaza.

MPANDA MLIMA
Marahaba. Jaribu, ulete majibu.

NJAA YA MODI
Mnajadili maeneo, lakini mzizi wa tatizo mnauruka. Deadly Dragons ukiipandisha juu kabisa, joka anakuwa gunia la mchanga. Unapiga dakika 25, yeye anakung'ata, wewe unakunywa dawa. Hiyo ni kuchelewa kulala tu, kaka.

Ugumu wa kweli uko kwenye Requiem, modi inayobadilisha gemu nzima. Kule dunia haikusubiri ukue. Huna nguvu, huna nguvu, joka hajali kwamba uko levo 5. Nimecheza Requiem miezi mitatu, joka wa kwanza nilimkimbia, wa pili nilimkimbia, wa tatu nikaingia mtoni nikajifanya samaki.

BINTI WA NJIRO
Hapo kwenye mto ndipo umegusa kitu ulichokipita haraka. Joka hutafuta mahali pa kutua. Penye maji, penye miti iliyobanana au mteremko mkali hapati, kwa hiyo anabaki kuzunguka juu anakumwagia moto na barafu huku upanga wako unakata hewa. Ndiyo maana mtu wa upinde na mtu wa rungu wakikutana kwenye uzi kama huu hawaelewani. Mwenye rungu anataka uwanja. Mwenye upinde anataka paa la kujificha.

Kabla hujapata Dragonrend, shauti ya kumlazimisha atue, mwenye rungu hana chake kwenye maeneo hayo. Na Dragonrend unaipata umeshaenda mbali kwenye hadithi, kule Throat of the World, baada ya kuisoma Elder Scroll, ile hati ya kale.

Kwa hiyo pagumu pangu ni Forgotten Vale, lile bonde la Dawnguard. Lile ziwa lililoganda. Unatembea juu ya barafu, kimya, pazuri hata unataka kukaa. Barafu inapasuka, wanatoka wawili, Voslaarum na Naaslaarum, mapacha. Wawili kwa pamoja, na wewe uko katikati ya ziwa, hakuna jiwe, hakuna mti, hakuna hata kichaka cha kujifariji. Ukikimbilia ukingoni unawapa mgongo wote wawili. Ukibaki, mmoja anatua mbele yako wakati mwingine anakuja kwa nyuma, na kwenye Dragon Combat Overhaul ukisimama karibu na mkia unarushwa.

Mimi niliwashinda kwa hesabu, siyo kwa mikono. Mhusika wangu ni wa mbari ya Nord, ana kinga ya barafu asilimia 50. Nikachukua baraka ya jiwe la Lord Stone, kinga ya uchawi asilimia 25. Nikaenda Riften kumaliza ile kazi ya upendo ya Temple of Mara, nikaongeza 15. Jumla ya uchawi 40. Pumzi ya barafu ya kukata 100 inapunguzwa kwanza inabaki 50, halafu 40 kati ya mia ya hiyo inaondoka, inabaki 30. Ninyanyue ngao nikiwa na ule ujuzi wa Elemental Protection, inabaki 15. Kumi na tano! Kutoka mia. Watu wanakusanya panga za kutisha na hawajui kujumlisha.

NJAA YA MODI
Na akiwa joka wa moto?

BINTI WA NJIRO
Basi ile 50 ya Nord haipo, na ndiyo maana nabeba dawa za kinga ya moto kama mama wa mnadani anavyobeba mfuko wa chenji. Kinga inaishia asilimia 85, ukizidisha hapo unamwaga.

KIJANA WA KIBORILONI
Naombeni msaada tofauti kidogo. Kila nikimwita joka nikiwa Eastmarch, kwenye yale maji moto, gemu inajifunga. Siyo kwamba nakufa. Inajifunga kabisa narudi kwenye skrini ya mwanzo ya kompyuta. Hapo ndipo pagumu kwangu kuliko hao mapacha.

BINTI WA NJIRO
Una modi ngapi?

KIJANA WA KIBORILONI
Kama 240 hivi.

BINTI WA NJIRO
Mungu wangu. Na toleo gani?

KIJANA WA KIBORILONI
Lile la zamani la 2011. Nilipewa kwenye fleshi na rafiki.

BINTI WA NJIRO
Mdogo wangu, hapo hakuna joka, ni hesabu nyingine. Toleo la zamani ni la biti 32, halitumii kumbukumbu zaidi ya GB 4 hata mashine yako iwe na 32. Umeweka sura za majoka za ubora wa juu, umeweka majani, umeweka mawingu, halafu unapeleka joka, majitu na tembo wao kwenye uwanda mmoja. Mlango mdogo, watu wengi. Special Edition ya 2016 ni ya biti 64, hamia huko. Bado faili kamili za modi zinaishia 254 ukihesabu na zile za gemu yenyewe, ila zile ndogo nyepesi zinakaa pembeni hazihesabiwi humo.

Ukihamia usikubali gemu ijisasishe yenyewe. Ile sasisho la Novemba 2021 liliwaacha watu wengi na modi zilizokufa kwa sababu SKSE, programu ya pembeni inayotumiwa na modi nyingi, ilibidi itengenezwe upya, na modi zinazoitegemea zikaisubiri. Wengine mpaka leo wamekaa kwenye toleo la 1.5.97 wamefunga mlango. Tumia Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi, ili ukiharibu usiharibu folda la gemu lenyewe. Na usitoe modi yenye skripti katikati ya safari. Sevu itaonekana nzima kumbe imeoza ndani.

KIJANA WA KIBORILONI
Asante dada. Naanza upya basi. Levo 51 inaniuma lakini.

MZEE WA KALOLENI
Vijana, mnanikumbusha mbali. Nilikuwa na kibanda cha gemu enzi hizo, pedi nne, foleni mpaka nje. Mwisho wa Novemba 2011 mlikuwa wapi? Walitoa sasisho la 1.2, majoka wakaanza kuruka kinyumenyume. Nasema kweli. Joka anarudi reverse kama daladala pale stendi ndogo. Na sasisho hilohilo likaharibu kinga za uchawi, hesabu za huyu binti zote zingekuwa sifuri. Siku hizo mahali pagumu palikuwa popote. Wakarekebisha kwenye 1.3.

Wateja wangu walilia kuirekebisha. Walikuwa wanalipia kumuona anavyorudi nyuma.

MEKU WA RAU
Mzee nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

NJAA YA MODI
Haya, niweke na mimi mahali badala ya kulalamika. Blackreach. Chini ya ardhi, uyoga unaowaka, unajisemea huku angalau anga hamna. Halafu mtu anakushawishi upige Unrelenting Force kwenye ile tufe ya njano inayoning'inia juu ya mji. Anatokea Vulthuryol. Joka, pangoni! Lakini nitasema ukweli, pale siyo pagumu sana, kuna majengo ya watu wa kale, Dwemer, ya kujificha. Nimelitaja kwa ajili ya ule mshtuko. Mara ya kwanza nilivua hedifoni.

MPANDA MLIMA
Mmezunguka kote hamjafika kwenye penyewe. Skuldafn.

Fikirini. Shearpoint unashuka. Riverwood unaingia ndani. Ziwa la mapacha unaweza kuliacha. Skuldafn umebebwa na joka Odahviing mgongoni, amekushusha, ameondoka. Hakuna barabara. Hakuna kurudi Whiterun kwa kubonyeza ramani. Mfuasi wako humleti, Odahviing habebi wawili. Majoka wawili wanakupokea hewani, draugr, wale maiti wanaotembea, wanatoka kila pembe, ngazi baada ya ngazi, na mwisho wa yote yuko kuhani wa majoka Nahkriin na fimbo yake, na bila hiyo fimbo lango la Sovngarde, ulimwengu wa wafu, halifunguki. Njia ni moja tu, mbele.

Ukiwa na modi inakuwa balaa, kwa sababu kila ulichoongeza kinakukuta pale siku moja. Uliongeza majoka nguvu? Wako pale. Uliongeza draugr nguvu? Wako pale. Uliweka modi ya kupunguza dawa dukani ili "iwe na uhalisia"? Hongera, hakuna duka.

Sisi tuna kawaida. Kabla ya kutoka getini, mizigo inapimwa. Mpagazi habebi zaidi ya kilo 20 za kambi, na kila gramu inajulikana ni ya nini. Mara yangu ya kwanza Skuldafn nilifika na mishale 31 na jibini 60. Jibini! Nilikuwa naokota tu njiani miaka yote, sijawahi kufungua begi kuangalia. Nilipigana na joka wa pili kwa kula jibini. Nilikula zote 60.

Safari ya pili nilipanga. Mishale 300. Dawa za moto na barafu nusu kwa nusu. Uchawi wa kuita viumbe, maana mfuasi hayupo lakini atronach anakuja ukimwita, na joka akimwona anahangaika naye. Na nikitua sikukaa uwanjani hata sekunde moja kushangaa mandhari. Ile minara miwili, wa kusini na wa kaskazini, ina milango. Unapiga mishale, joka akijaza kifua kutapika moto, unaingia. Ndani kuna draugr, sawa, lakini hawana mabawa. Unatoka, unapiga, unaingia. Si ushujaa. Mgeni anayefika kileleni ni yule anayekubali kutembea polepole, pole pole mpaka aone aibu.

BINTI WA NJIRO
Hapa nainua mikono. Forgotten Vale yangu inashuka namba mbili.

MEKU WA RAU
Jibini 60 kaka mkubwa. Hiyo siyo chai kweli?

MPANDA MLIMA
Siyo chai, ni jibini.

NJAA YA MODI
Naongeza moja hapo Skuldafn. Mkumbuke kusevu kwa mkono kabla ya kumpanda Odahviing, sevu ya pembeni msiiguse tena. Mimi niliandikia juu sevu zote nikiwa tayari nimetua, nina dawa 2, uhai nusu. Nikarudi kuanza gemu upya. Levo 62. Sikumwambia mtu nyumbani kwa nini siongei wiki ile.

KIJANA WA KIBORILONI
Wakuu, nimehamia Special Edition. Nimeweka modi 40 tu. Nimeenda Bonestrewn Crest kule kwenye maji moto, joka ametua, gemu haijafunga. Lakini majitu ya kambi ya jirani wamekuja, na mmoja amenipiga rungu nikaruka juu kuliko joka. Nilimwona joka kwa chini yangu. Nimekufa nikiwa na furaha.

MZEE WA KALOLENI
Hiyo ya kurushwa angani ipo tangu 2011, na hiyo hawakuirekebisha. Wana busara.

CHALII WA SAKINA
Wakuu nimerudi. Majibu ya Shearpoint.

Nilifanya kama kaka mkubwa alivyoelekeza. Nilisimama chini hadi joka anaonekana kama nzi. Mshale wa kwanza ulikwenda kusikojulikana. Wa pili ulimgusa. Akapaa, nikageuka nikaanza kushuka, naangalia miguu yangu tu, kama mgeni aliyekemewa. Sikumwangalia hata mara moja mpaka nilipofika kwenye yale mawe. Barafu ilikuwa inapita kichwani. Nikajibanza, akakosa, akatua. Dakika 9, amelala. Krosis hakusikia chochote, yuko kwenye jeneza lake anaota.

Nikala, nikangoja uhai ujae, nikapanda. Krosis peke yake kumbe si mtu wa kutisha, alikuwa anategemea kampani. Barakoa ninayo, imenipandisha upinde asilimia 20. Mara 14 nilikufa pale kwa ajili ya hatua tatu za mbele.

Tatizo limebaki moja. Nilikuwa na Lydia, mfuasi wangu. Wakati nashuka nilimsikia anapiga kelele zake, halafu kimya. Nimezunguka mlima mzima, chini mpaka barabarani, simwoni. Maiti sioni, mizigo sioni, na ndiye aliyebeba mifupa yote ya majoka niliyokusanya tangu mwezi wa sita.

BINTI WA NJIRO
Kama uko kwenye kompyuta usihangaike. Fungua ile sehemu ya kuandika amri, kitufe kilicho chini ya Esc. Andika prid a2c94, bonyeza Enter. Halafu andika moveto player, Enter tena. Popote alipo atakuja.

CHALII WA SAKINA
Ngoja.

CHALII WA SAKINA
Amekuja! Mzima, mzigo wote anao.

CHALII WA SAKINA
Jamani amekuja na joka mwingine nyuma yake.